Holi ya Kwanza kwa Shangazi Kokila

Bariadi, jioni ya kuamkia safari

Wande mwanangu,

Umekwenda Sapiwi kumuaga bibi yako, na nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji ya jirani inavyonguruma. Nimekaa kwenye kiti cha baba yako, begi lako liko karibu na miguu yangu. Leo nimelifungua na kulifunga sijui mara ngapi, sikutoa kitu wala sikuongeza kitu. Mikono tu inatafuta kazi, nikaona heri niipe kalamu.

Habari za pasipoti, dawa, soksi za baridi na namna ya kubadilisha ndege, hizo tumezungumza mpaka juzi ukaniambia, "Mama, inatosha." Sizirudii. Nataka kukuambia jambo jingine ambalo nimelizungukazunguka miaka yote, na ambalo naogopa utalikuta mlangoni kwa shangazi yako kabla hujavua viatu. Utafika India, kule Jamnagar, siku chache kabla ya Holi. Hatukupanga sisi, tarehe ya kuanza masomo ni ya chuo. Lakini nilipotazama kalenda na kuona mwezi mpevu unaangukia wapi, niliigeuza ikatazama ukuta.

Holi wewe unaijua kwa zile video za kwenye simu, watu wanarushiana unga wa rangi na kucheka. Hiyo ni siku ya pili. Siku ya kwanza ni ya moto, na hiyo ndiyo niliyoiogopa kuliko kitu chochote katika nyumba ya baba yako. Ulikuwa mdogo mno kukumbuka. Acha nikusimulie, kwa sababu kule watadhani wewe, mtoto wa Naresh, unajua.

Nilianza kwa kushona. Nilikuwa msichana wa Sapiwi, nimekulia kwenye shamba la pamba na kwenye kanisa, nikaja mjini na cherehani yangu, nikapewa nafasi kwenye kibaraza cha duka la akina baba yako. Walikuwa wakiuza majembe, plau na minyororo ya kukokotea. Babu yako alikuwa ameshafariki. Ndani ya nyumba ile walikuwa watatu: bibi yako, ambaye wote tulimwita Ba, maana yake mama kwa Kigujarati, baba yako, na dada yake, Kokila. Baba yako alikuwa akitoka dukani kuja kuniomba nimshonee kifungo. Baadaye niligundua vifungo alikuwa akivikata mwenyewe.

Tulifunga ndoa bomani, na mashahidi wachache. Kwetu walinuna kwa sababu hakuna ng'ombe waliotoka wala padre aliyesimama. Kwao Ba alilia siku nzima, jioni akaniita jikoni, akanionyesha chumvi ilipo. Ba ndivyo alivyokuwa. Akimaliza kulia anaendelea na kazi.

Kokila hakulia. Aliacha tu kusema na mimi. Na hakuwa mtu wa kukosa maneno. Alizaliwa hapa hapa Bariadi, alikuwa akiuza majembe kwa Kisukuma cha ndani kuliko changu, wazee kutoka Bukundi walikuwa wakimtania kwamba yeye ni Msukuma aliyepauka. Ila mimi hakunipa neno hata kwa lugha moja. Akitaka kitu kwangu alikuwa anauambia ukuta. "Kuna mtu ameacha sufuria nje." "Kuna mtu hajui kwamba nyama haipikwi katika nyumba hii." Nami nilikuwa nauangalia ule ukuta, naona aibu kuujibu.

Ukazaliwa wewe. Kwa Wagujarati, jina la mtoto anatoa shangazi, dada wa baba. Mtoto analazwa kwenye kitambaa, watoto wengine wanakishika pembeni wanabembeza, shangazi anainama na kumnong'oneza jina sikioni. Ba aliandaa kitambaa. Kokila alisema kichwa kinamuuma, akabaki chumbani. Ba akasema tungoje kesho. Kesho ikapita, na wiki ikapita. Bibi yako wa Sapiwi alipokuja kukuona akakuta mtoto hana jina, akashtuka, akakuita Wande, jina la mama yake. Ndivyo ulivyopata jina, Wande, kwa sababu mtu mmoja alikataa kutoka chumbani.

Ulikuwa na miezi michache Holi ilipofika. Ba alikuwa ameshaanza maandalizi zamani. Alikuwa akikusanya kinyesi cha ng'ombe, anakifanya kama mikate ya duara na kukibandika ukuta wa nyuma kikauke. Majirani walimcheka, lakini katika mkoa huu kinyesi cha ng'ombe hakijawahi kuadimika, na walikuwa wakimletea wenyewe kwa ndoo. Na mbao za makasha, na matawi ya migunga. Vyote alivipanga katikati ya uwanja wa nyuma, na juu yake akachomeka tawi bichi.

Siku hiyo mchana tulikaa jikoni tukikaanga mtama. Huo mtama wetu huu huu. Unautupa kwenye karai la moto unapasuka na kuwa bisi ndogo nyeupe, unachanganya na tende na dengu zilizokaangwa. Kule utazikuta kila nyumba siku ya moto. Ba aliniambia kwao Holi ni mwisho wa baridi na mwanzo wa miti kuchipua, na mtu hawezi kula nafaka mpya kabla moto haujaonja. Alinieleza habari ya mti mmoja unaotoa maua kama makaa ukiwa hauna jani hata moja, wanayachemsha wanapata maji ya rangi ya machungwa. "Huku hakuna baridi ya kuisha na mti ule hakuna," alisema, "lakini pamba ipo." Nikamuuliza pamba inahusika vipi. Akasema, "Wewe umelima pamba hujaona? Ua linafunguka asubuhi jeupe kama siagi, kesho yake limekuwa jekundu. Linacheza Holi peke yake shambani." Nilikuwa nimepita kwenye maua yale tangu utoto, na sikuwahi kusimama.

Nikamuuliza moto ni wa nini. Akanisimulia huku anatikisa karai.

"Kulikuwa na mfalme," alisema, "alitaka watu wote wamwabudu yeye. Mtoto wake mwenyewe, Prahlad, akakataa. Akasema mimi nina Mungu wangu. Mfalme akamtupa kutoka mlimani, mtoto hafi. Akamwekea nyoka, mtoto hafi. Sasa mfalme alikuwa na dada anaitwa Holika. Huyo dada alikuwa na shuka, akijifunika moto haumchomi. Akamwambia kaka yake, nipe huyo mtoto, nitakaa naye ndani ya moto. Akakaa, mtoto mapajani. Upepo ukaja, shuka ikamtoka Holika, ikamfunika mtoto. Holika akaungua. Mtoto akatoka mzima, anaimba jina la Mungu. Ndio tunawasha moto, tunakumbuka yule mtoto."

Mimi sikusikia habari ya Mungu wala ya mfalme. Nilisikia kitu kimoja. Nikamuuliza, "Dada wa mfalme. Kwa huyo mtoto ni nani?"

"Shangazi," akasema Ba. "Leo na Wande atazungushwa. Ni Holi yake ya kwanza, mtoto lazima azungushwe motoni apate afya. Kwa kawaida anambeba shangazi."

Niliangalia nje. Kokila alikuwa uwanjani, anapanga kuni.

Sitakudanganya, Wande, mchana ule nilitaka kukutorosha. Nilimwambia baba yako tuondoke twende Sapiwi, nikasingizia mama anaumwa. Akacheka. Alasiri mama mwenyewe akaingia na kuku mkononi, mzima wa afya. Alipoelezwa akanivuta pembeni. "Ng'wanone, mwanangu," aliniambia, "kwetu mtoto wa hivi jioni hata uani hatumtoi. Ninyi mnampeleka kwenye moto?" Akatoa rozari yake, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, hakuinuka tena.

Giza lilipoingia wakawasha. Mwezi ulikuwa umeshiba lakini mawingu ya mvua yalikuwa yakiupita. Majirani walisimama ukutani na watoto wao. Baba yako alitupa nazi motoni, baadaye waliitoa kwa fimbo, wakaivunja na kumgawia kila mtu kipande chenye moshi. Ba alizunguka na chombo cha shaba akimwaga maji kidogokidogo chini. Kisha akasema, "Mtoto."

Kokila akanyoosha mikono. Mimi nikakubana kifuani, nikasema, "Nitambeba mwenyewe." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, na watu wakatazama chini.

Nikaanza kuzunguka. Nilikuwa na Salamu Maria mdomoni, na Ba aliyekuwa mbele yangu na maji yake alinisikia, wala hakunikataza. Kokila alikuja nyuma yangu, nilikuwa nasikia bangili zake. Nilipofika upande wa ukuta upepo ukageuka, moshi wa kinyesi ukanijaa machoni na kooni, nikajikwaa kwenye gogo lililokuwa limetoka nje ya moto. Niliyumba. Sikuanguka, kwa sababu kuna mkono ulinishika kiwiko, na hapo hapo mkono mwingine ukakuchukua wewe.

Nilipofuta macho, Kokila alikuwa ameshapita. Alikuwa anamalizia mzunguko na wewe kifuani kwake. Moto ukawa katikati yetu. Ulikuwa mrefu kunizidi, na nilichokiona ng'ambo ni kipande cha sari yake tu, kikitokea na kupotea. Sikupiga kelele. Niliona, pale ndimi zilipoachana kidogo, kwamba amekuinamia na midomo yake inacheza sikioni mwako.

Halafu akatokea. Alikuja taratibu, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Akakurudisha mikononi mwangu, akachukua majivu kwa kidole, akakupaka kwenye paji la uso. Ulikuwa macho, hulii. Akasema, akiwa ananitazama mimi, "Ana macho ya Naresh." Akaingia ndani.

Mpaka leo sijui alikunong'oneza nini. Usiku ule niliamini amekulaani. Ba aliniambia pengine amekupa jina, kwa sababu ndivyo shangazi anavyotoa jina. Pengine alisema tu, nyamaza, moshi utaisha. Sikuwahi kuwa na ujasiri wa kumuuliza, na yeye hakuwahi kusema.

Kesho yake ilikuwa ya rangi. Ba hakuamini unga wa dukani, alitengeneza zake: manjano, hina, maji ya rozela yaliyochemshwa usiku. Alinipaka mafuta ya nazi kichwani na mikononi ili rangi zitoke baadaye. Watoto wa mtaa mzima waliingia getini na chupa za maji walizotoboa vifuniko. Desturi ni kwamba siku hiyo hakuna mkubwa wala mdogo. Mliogombana mnapakana rangi, na ugomvi unaishia hapo. Mdogo anampaka mkubwa miguuni kwa heshima, wa rika moja mnapakana mashavuni. Baba yako alinimwagia ndoo nzima. Mke wa fundi baiskeli, hata mama yangu, wote walinipaka.

Kokila alipita akiwapaka watu mmoja mmoja. Alipofika kwangu akaruka.

Aliruka mwaka ule, na mwaka uliofuata, na uliofuata huo. Kila mwaka nilijisogeza nikasimama mahali ambapo lazima anione. Ni vigumu kukueleza jinsi nilivyokuwa naamka siku ya rangi na moyo unadunda kama naingia chumba cha mtihani. Baba yako aliniambia nimzoee. Mwishoni, nilipomng'ang'ania, ndipo akanieleza. Kabla sijaingia katika nyumba ile Kokila alikuwa amechumbiwa Mwanza. Sari za harusi zilikuwa zimeshanunuliwa. Upande wa mwanamume waliposikia kaka mtu ameoa Msukuma wakatuma ujumbe kwamba hawatakuja tena. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nikila meza moja na mtu ambaye harusi yake ilivunjika nilipofika mimi, na nilikuwa nikimwona mkali tu.

Nilichojifunza hapo, mwanangu, ni kwamba mtu anaweza kukuchukia kwa sababu ya kweli na wewe usiwe na kosa lolote. Ni jambo zito kukaa nalo, kwa sababu huna cha kuomba msamaha, na yeye hana pa kuipeleka hasira yake.

Kuna Holi moja zaidi nataka uijue. Ulikuwa unakaribia kwenda chekechea. Ba, kama mjane, hakuwa anacheza rangi. Kwa desturi yao ya zamani mjane anavaa nyeupe, anakaa pembeni, hapakwi wala hapaki. Kila mwaka alikaa kibarazani na sari yake nyeupe anatuangalia, na watoto wote wa mtaa walijua kwamba pale hapafikiwi. Wewe hakuna aliyekuambia. Nilikuona unakwenda, mikono yote imejaa rozela mpaka kwenye viwiko. Nilipoelewa unakoelekea ulikuwa umeshapanda ngazi.

"Wande, hapana," Kokila akasema.

Ulisimama mbele ya Ba na mikono juu, hujui ufanye nini. Uso wako ulianza kukunjika. Ba alikutazama, akamtazama Kokila, kisha akaishika mikono yako miwili na kuikandamiza kwenye mashavu yake mwenyewe. Maji mekundu yalimtiririka shingoni yakaingia kwenye ile nyeupe.

"Ba, watu watasema nini," Kokila alisema kwa sauti ndogo.

"Watu wameshasema," Ba alijibu. "Mchumba wako hakuja kwa sababu ya watu. Umekaa na watu miaka yote hii, wamekupa nini?"

Kokila alikaa chini pale pale kwenye ngazi akajifunika uso kwa mikono. Nilitaka kwenda kukaa karibu naye. Nilipiga hatua, nikaogopa, nikarudi. Mpaka leo nafikiria ile hatua.

Ba alifariki kabla ya Holi nyingine. Kokila akaondoka kwenda kwa ndugu zao Jamnagar, akapewa vyumba vya juu. Gari lilikuja asubuhi, alikushika kichwa, akamkumbatia baba yako, mimi akanipa mkono kama mtu anayeondoka benki. Baba yako naye ulimpoteza ukiwa bado chekechea, na hilo unalikumbuka mwenyewe. Siku tulipouchoma mwili wake kule Mwanza, kwa desturi yao, Kokila alipiga simu. Hatukuongea. Alilia upande ule, nikalia upande huu, mpaka simu ikakatika.

Holi iliyofuata watoto wa mtaa walikuja getini na chupa zao, wakauliza kama mwaka huu kuna rangi. Nikawaambia hakuna. Sikuwasha moto tena. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walikuwa wameanza kuniambia sasa nimerudi nyumbani, nami nilikuwa nimechoka kueleza, nilitaka tu ukue bila mtu kukuuliza wewe ni wa nani. Sijui kama nilifanya vizuri. Leo nakutuma kwa watu wa baba yako na hujui hata namna ya kusimama mbele ya moto wao, na hilo ndilo linalonifungulisha begi lako.

Naogopa mambo mengi. Utakuwa mweusi kuliko wote kwenye meza ile, na watakuangalia. Siku ya rangi hutaliona hilo, kwa sababu kila mtu atakuwa kijani na waridi, hakuna anayejua nani ni nani, na utafikiri umefika nyumbani. Kesho yake watu wataoga. Usivunjike moyo kesho yake. Mimi nilivunjika kila mwaka, kwa kutegemea jambo la siku moja lidumu mwaka mzima.

Siku hiyo watakuambia usichukie, leo ni Holi. Ni maneno mazuri kwa mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Lakini mwanamume akipeleka mkono mahali ambapo rangi haina kazi, chukia, na chukia kwa sauti. Na wakikupa maziwa ya viungo uliza kwanza yana nini ndani, kwani wengine huyatia majani ya bangi siku hiyo na kuona ni jambo la kawaida.

Moto nao sikuambii uuabudu au usiuabudu. Wewe ni mtu mzima na umebatizwa. Mimi niliuzunguka na Salamu Maria, na Mungu aliyenisikia Sapiwi naamini alinisikia na pale. Ukitaka kusimama pembeni, simama. Ukitaka kuzunguka, zunguka kwa sababu unataka, usizunguke ili wakupende. Wanaokupenda kwa kuzunguka watakuchoka ukisimama.

Sasa nikuambie la leo. Mchana, ulipokuwa unasukwa, shangazi yako alipiga simu. Kwa kawaida anaongea na wewe, nami namsalimia kwa nyuma. Leo ameomba mimi. "Mwadila," akasema, na nikaitazama simu, kwa sababu sikutegemea salamu ya Kisukuma kutoka huko. Akaniuliza kama unakula pilipili. Akaniuliza kama unalala taa ikiwaka au ikizimwa. Akaniambia amebadilisha mapazia ya chumba chako, ameona hayafai, akarudisha yale ya zamani. Amenunua godoro jipya na amelilalia mwenyewe kulijaribu, na hakupata usingizi. Niliona huyu mtu anazunguka kitu, nikamngoja.

"Umemwambia nilivyokuwa?" aliniuliza.

"Bado," nikasema.

"Usimwambie."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Naogopa," alisema. "Yeye ndiye aliyebaki. Akija akaniangalia kama wewe ulivyokuwa ukiniangalia, sijui nitafanya nini."

"Nilikuwa nakuangaliaje?"

"Kama mtu anayepima umbali kati yangu na mtoto wake," akasema.

Ningeweza kukataa. Ilikuwa kweli, na alikuwa ameliona tangu siku ya kwanza, na alikuwa ameishi nalo. Nilimwambia hata mimi naogopa, kwamba mimi na yeye tunaogopa kitu kimoja tukiwa pande mbili. Akacheka kidogo, cheko la puani, lile la baba yako. Akasema atakuja mwenyewe uwanja wa ndege, hatamtuma mtu.

Kwa hiyo aliniomba nisikuambie, nami nimekuambia yote. Nimefikiri sana kabla ya kuandika. Sikuweza kukupeleka kwa mtu ukiwa umefumbwa macho, hata kama mtu huyo amebadilika. Na sijui kama amebadilika. Nimesikia sauti yake tu. Kuna wakati leo nimeamini kabisa, na kuna wakati nimesimama nataka kuchana tiketi. Hata sasa ninapoandika sijatulia, na sidhani nitatulia mpaka uniambie umekula na umelala.

Ninachokuomba ni hiki. Usimwonyeshe kwamba unajua. Ngoja mpaka akuambie mwenyewe; inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa asikuambie kamwe. Siku akianza, acha unachofanya, kaa chini, msikilize kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Usimsaidie maneno. Usimwambie mama alishaniambia. Mwache alitoe lote kwa mdomo wake. Hapo utajua ni mtu wa namna gani, na utajua vizuri kuliko mimi, kwa sababu mimi nilimwangalia kwa woga tu.

Na ukiona mambo ni yale yale, ukisikia anauambia ukuta habari zako, usivumilie kama nilivyovumilia. Mimi nilikuwa na baba yako na Ba. Wewe utakuwa peke yako. Hosteli ya chuo ipo. Nenda, kisha unipigie, sitakuuliza kwa nini.

Nasikia pikipiki inaingia getini, nafikiri ni wewe. Barua hii nitaiweka katikati ya vitenge, uisome ukiwa angani, ambapo huwezi kunipigia simu kunigombeza.

Ukimwona pale uwanja wa ndege, piga goti umsalimie kama bibi alivyokufundisha Sapiwi. Yeye atadhani unataka kumgusa miguu kwa desturi yao, na atakuwekea mkono kichwani. Usiinuke haraka, mwanangu. Kaa hapo chini ya mkono wake kidogo, hata kama watu wanapita na mabegi.

Mama yako,
Minza